Madebe Matano ya Mali Kauli

Kuna siku nne za Novemba 2019 ambazo nilikuwa natoka chumbani kwangu saa kumi na moja alfajiri, viatu mkononi, ili nisikutane na mwenye nyumba. Kodi nilikuwa sidaiwi. Kilichokuwa kinanikimbiza ni dagaa.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Nilifika Mwanza Oktoba 2018 kusomea shahada ya usimamizi wa biashara. Kwetu ni Singida, na maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona kwa macho yangu yalikuwa ya Ziwa Singidani, ambalo ukisimama upande huu unaona ng'ambo bila shida. Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba karibu 68,800, lilinitisha. Tena nilifika wakati mbaya. Wiki chache nyuma, Septemba 20, MV Nyerere ilikuwa imepinduka ikikaribia kutia nanga Ukara, watu 228 wakafa. Kwenye daladala bado ilikuwa ndiyo habari.

Nilipanga chumba Nyegezi. Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mjane, wapangaji wote tulimwita Bibi. Anatoka kabla jogoo hajawika, anarudi jua linazama, na anarudi na harufu ambayo mimi kwa ugeni wangu nilidhani ni ya nyumba. Nilichukua karibu mwezi mzima kujua kwamba ni harufu ya dagaa wakavu, na kwamba huyu mama niliyezoea kumwona kibarazani akichambua mchele alikuwa anauza kwa magunia soko la Mwaloni, kule Kirumba.

Shule yangu kwake ilianza kwa aibu. Januari 2019 boom, yaani hela ya mkopo wa chuo, liliingia, nikanunua simu. Ilikuwa simu nzuri kweli, kamera tatu. Kufika katikati ya Februari nilikuwa na kamera tatu na sina kodi. Nikaenda kibarazani kuomba muda, maneno nimeyapanga vizuri kama barua ya kuomba kazi. Hakuyasikiliza hadi mwisho.

"Wewe si unasomea biashara?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi Jumamosi twende ukanifundishe."

Kwa ambaye hajafika Mwaloni: maboti yanaingia kutoka Ukerewe, Ukara, Goziba na visiwa vingine ambavyo majina yake nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza, kila boti limelala kwa uzito wa magunia. Makuli wanapita na mzigo kichwani, wanapiga mluzi badala ya kusema "pisha", na usipopisha ni juu yako. Pembeni kuna malori yenye namba za Burundi, Rwanda, Kongo. Samaki ni yuleyule ila majina kibao: Mkenya anamwita omena, Mganda mukene, Mrundi ndagala, na wote wanamfuata hapo. Mwanza mwenye heshima ni sangara. Ana viwanda vyake, ana ndege za kumpeleka Ulaya, na bondo lake, kile kifuko cha hewa cha tumboni, watu wanalinunua kama wananunua dhahabu. Dagaa hana makuu. Ndiye aliyemjengea Bibi nyumba ya vyumba tisa.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuhesabu magunia yanayoingia stoo na kuandika. Basi. Miezi miwili hivi hakunieleza kitu chochote, na mimi nilikuwa nasubiri kuelezwa. Enzi zile chuoni tulikuwa tunaletewa wahamasishaji, vijana wenye suti za kubana na maikrofoni za sikioni, wanatuambia tusiajiriwe, tujiajiri, tuthubutu. Tunapiga makofi hadi viganja vinawaka. Simkumbuki hata mmoja aliyetuambia yeye mwenyewe anauza nini, na gunia lake linakwenda shilingi ngapi. Bibi hakuwahi kuniambia nithubutu. Nikimuuliza swali, ananipa kazi.

Siku moja nikamuuliza anajuaje gunia zuri.

"Ingiza mkono."

Nikaingiza kiganja.

"Nimesema uingize mkono, sijasema uchovye."

Nikazamisha hadi kwapani. Dagaa wakavu wana visu, hakuna anayekuambia hilo mapema. Juu walikuwa wakavu kabisa, wanakatika kama vijiti. Katikati kulikuwa na ubaridi fulani, si maji, ila ubaridi. Na chini kabisa, kwenye kona ya gunia, vidole vikagusa mchanga. Akaniambia nitoe kiganja kimoja cha kule chini, nisugue, nipulize, nitafune kichwa cha dagaa mmoja. Meno yakasaga changarawe. Dagaa walioanikwa kwenye chanja wanang'aa na hawana mchanga. Walioanikwa chini, ufukweni, wanabeba mchanga wa kisiwa chao hadi Mwanza, na wakizidi kuubeba hakuna mtu wa kuwala, wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei nyingine kabisa. Ule ubaridi wa katikati ulikuwa mbaya kuliko mchanga: walifungwa kabla ya kukauka sawasawa, kwa hiyo baada ya wiki mbili stoo wataanza kuota ukungu. Gunia lile alilikataa. Mwenye nalo alilalamika sana, akaapa kwa mama yake mzazi, kisha akalipeleka duka la tatu na likanunuliwa.

Kitu kingine kilikuwa ukutani. Ndani ya stoo Bibi alitundika kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za Hijria zilizochapwa kubwa. Bibi ni Mkatoliki, jumuiya hakosi, rozari iko kwenye pochi pamoja na simu ya tochi. Nikadhani kapewa zawadi na mteja, mpaka nilipoona ameizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu, kila mwezi kuanzia kumi na mbili hadi ishirini hivi.

"Hiyo ni ya mwezi," akasema. Nikasema naona ni ya mwezi, kila kalenda ni ya mwezi. Akanionyesha juu, kwenye bati. "Mwezi. Ule."

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Taa inawavuta, wanakusanyika, wavu unapita chini yao. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linakuwa na taa, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata ya kwako, na wavuvi wanapandisha nyavu wanapumzika. Kipindi hicho kinaitwa mbalamwezi, na kile cha kuvua kinaitwa giza. Giza likikolea mzigo unamiminika, bei inashuka. Mbalamwezi ikiingia mzigo unakauka, bei inapanda. Na kwa kuwa tarehe za Hijria zinaanza na mwandamo, kumi na nne na kumi na tano daima ni mwezi mpevu. Hakuna haja ya kukodolea macho angani. Bibi ananunua kwenye giza, anashikilia, anauza kwenye mbalamwezi, na ratiba yake yote amechapiwa bure na msikiti.

Wiki hiyohiyo darasani tulichora ile mistari miwili inayokatana, ya ugavi na mahitaji. Mhadhiri akasema ugavi unaweza kuhama kwa sababu za msimu. Nikacheka peke yangu nyuma ya darasa, mwenzangu akaniuliza vipi. Simdharau mhadhiri, alisema kweli tupu. Ila kuanzia siku ile mstari ule kwangu una boti juu yake.

*

Sasa mali kauli. Unachukua mzigo bila kutoa hata senti, unaahidi kwa mdomo utalipa siku fulani. Hakuna mkataba wala mdhamini, na ukileta habari ya kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa watu wanakushangaa. Kwa nilivyoona mimi, ukiiondoa mali kauli pale Mwaloni, maboti mengi yangebaki yamefungwa.

Septemba 2019 alikuja mteja mgeni kutoka Lubumbashi. Shati safi, Kiswahili chao kile cha kuteleza, adabu nyingi. Anataka magunia 40 mali kauli, atalipa baada ya wiki mbili. Bibi akataja bei, na aliitaja juu, nilishtuka hata mimi. Mgeni akasema, "Sawa, Mama." Bibi akamtazama kidogo, kisha akasema anasikitika, amekumbuka kwamba mzigo ule una mwenyewe. Ulikuwa hauna mwenyewe. Nilikuwa nimeukalia.

Alipoondoka nikauliza. Bibi akasema mtu anayekusudia kulipa lazima agombane bei, kwa sababu hiyo hela ataitoa yeye. Asiyegombana hajaiona ikitoka mfukoni mwake. Niliiandika ile kwenye daftari langu la chuo, nikaipigia mstari. Niliona nimekaa na Mfalme Suleimani.

Yule mgeni akaenda duka la pili, akapewa magunia yake, na siku ya kumi na mbili akatuma hela yote, kamili, na salamu juu. Jirani alimtania Bibi wiki nzima. Mimi nikasubiri Bibi anieleze, nikijua lazima kuna fundisho la ndani zaidi. Akasema, "Basi nimekosa," akaagiza chai. Ule mstari bado uko kwenye daftari langu. Sikuufuta, ila niliandika pembeni: *mara nyingi*.

Novemba nikaomba na mimi. Hesabu niliifanya kwenye karatasi ya chuo, kwa rula. Madebe matano kwa shilingi 16,000 kila moja, jumla 80,000. Debe moja ni lita ishirini, sado ni lile kopo la rangi la lita nne, kwa hiyo debe linatoa sado tano na madebe matano yanatoa 25. Nitauza hosteli na kwa akina mama wa magenge ya Nyegezi, sado 4,500. Mauzo 112,500. Faida 32,500. Nilimpelekea Bibi karatasi yenyewe. Akaisoma polepole, akaikunja, akaiweka kwenye kauntabuku yake, akasema, "Lini?" Nikasema Jumamosi ya wiki ya pili, saa sita mchana. Akanipimia.

Nilifanya biashara wiki mbili. Kuuza nilijua, msinifikirie vibaya. Nilikuwa na maneno matamu, nilikuwa na mifuko mbadala (ile ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 1), nilitengeneza na tangazo la kurusha kwenye magrupu. Dagaa waliisha kabla ya siku. Ijumaa jioni nikakaa kitandani kuhesabu, nikahesabu tena, nikawasha simu kutumia kikokotoo, kana kwamba tatizo lilikuwa kichwa changu. Mkononi nilikuwa na 63,000. Deni 80,000.

Nilichofanya Jumamosi ni kuzima simu na kwenda kukaa maktaba. Jumapili nikaenda misa ya kwanza ya parokia nyingine. Jumatatu viatu mkononi, Jumanne viatu mkononi. Nilishaanza kuulizia mikopo ya kausha damu: kulikuwa na mahali wangenipa 20,000 nirudishe 26,000 baada ya wiki moja, kitambulisho cha chuo kikabaki kwao. Nilikuwa karibu sana kwenda. Naandika hili kwa ajili ya mdogo wangu yeyote aliye chuo sasa hivi na ameshika simu anafikiria kubonyeza.

Jumatano saa kumi na moja kasorobo nikafungua mlango taratibu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, katikati ya geti, chupa ya chai pembeni na vikombe viwili.

"Vaa viatu, baba. Utachomwa na mbigili."

Nikavaa. Akanimiminia chai. Nikaanza kueleza, akanikata.

"Sado zilitoka ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Karatasi yako ilisema ishirini na tano."

"Ndiyo, Bibi."

Akanituma jikoni nikalete sado, sinia na maharage. Akaniambia nimpimie kama nilivyokuwa nawapimia wateja. Nikajaza kopo hadi likaota mlima, nikautengeneza kwa viganja viwili usibomoke, maana ndivyo nilivyokuwa nafanya, na nilikuwa najisifu kwamba wateja wangu wananipenda. Bibi akachukua mwiko, akaupitisha mdomoni mwa kopo, mara moja. Maharage yakamwagika kwenye sinia, yakalia kwenye bati kama mvua. Akayakusanya kwa mkono, akanipa niyashike. Yalijaa viganja vyote viwili.

"Mimi nilikupimia debe la kufuta. Wewe ukauza sado ya mlima. Hizo ulizoshika ndizo sado zako tatu."

Tukaendelea. Moja tulikula chumbani na wenzangu, nikaiungama. Boda ya kubebea mzigo 3,000 na mifuko 1,500, karatasini havikuwepo. Sado 15 niliuza taslimu. Sita nilikopesha. Bibi akataka majina. Nikayataja, akawa anakunja vidole.

"Huyu wa kwanza atalipa lini?"

"Akipata."

"Na huyu?"

"Alisema naye akipata tu, Bibi."

"Akipata siyo siku, msomi. Jumatatu ni siku."

Nilikuwa nasubiri sehemu ya kufokewa kuhusu zile 17,000. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kigumu zaidi, na alikisema bila kupandisha sauti kwa sababu wapangaji walikuwa wamelala. Alisema aliniona tangu Jumapili. Alisema angejisikia vizuri kama ningemgongea mlango Ijumaa ileile nikasema sina, angeniongezea wiki na tungefanya hesabu hii tukiwa na chai ya moto. "Mali kauli, baba. Mali ni yangu. Kauli ni yako. Sasa mali umeirudisha karibu yote, kauli umeniacha nayo hapa getini siku nne."

Alipofungua kauntabuku aliandika *Msomi 17,000*. Tukakubaliana anakata 2,000 kila Jumamosi kwenye ujira wangu. Nikamwambia naweza kulipa yote boom likiingia. Akasema hapana, anataka iwe Jumamosi tisa. Kila Jumamosi alifungua ukurasa uleule, akakata, akaandika kilichobaki, akanigeuzia nisome, mbele ya makuli. Wale sita niliowakopesha, wanne walilipa kabla ya Krismasi. Wawili hadi leo. Mmoja nasikia yuko Dodoma, kazi nzuri, amevaa na tai. Ndugu yangu, kama unasoma: ni 4,500.

Kabla hata deni halijafika nusu akanipimia madebe mengine matano, safari hii na kijiti cha kufutia. Na akanifundisha kitu ambacho sijakikuta kwenye kitabu chochote cha masoko. Unajaza sado ikafika karibu na mdomo, chini kidogo. Unaimimina kwenye mfuko wa mteja. Halafu, ukiwa unamtazama, unachota kiganja kimoja unaongezea. Kwa ujumla amepata sado kamili, hujamwibia wala hujajiibia. Lakini ameondoka na nyongeza. Akina mama wa magenge walioniona mchoyo wiki ya kwanza nilipoacha mlima, walirudi kwa sababu ya kiganja.

*

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Wenzangu wakapanda mabasi, mimi nikabaki Mwanza na kuwa mtu wa Mwaloni kila siku, hadi tulipofunguliwa Juni 1. Na hapo ndipo nilipomfundisha Bibi, au nilipodhani namfundisha.

Ilikuwa masika. Masika ni adui wa dagaa: jua likiwa kali wanakauka siku moja tu, mvua ikinyesha wanaoza palepale walipoanikwa. Mzigo ulikuwa unaingia mbaya, mweusi, nusu yake wa kuku. Wakongomani hawaonekani, Rusumo madereva wa malori wakawa wanalazimika kubadilishana magari mpakani, kila kitu kimekwama. Bibi ananunua tu.

Nikachukua kauntabuku zake za miaka mitatu nyuma, nikakaa nazo wiki nzima. Yeye huandika kila kitu ila hajumlishi kwa msimu, anajumlisha kwa mwezi wa kalenda ile ya msikiti. Mimi nikajumlisha kwa msimu. Nikaongeza na kitu ambacho hakuwahi kukihesabu: kodi ya stoo. Stoo ni yake, kwa hiyo kichwani mwake ilikuwa bure. Nikaulizia majirani wanapanga shilingi ngapi, nikaiweka kama gharama. Darasani inaitwa gharama ya fursa, na nilijivunia sana siku niliyoitumia kwenye kitu kinachonuka. Jibu lilikuwa wazi: masika zote tatu Bibi alipata hasara. Angefunga stoo Machi, akaipangisha, akafungua Juni, angekuwa na hela zaidi bila kunyanyua hata gunia.

Nikamwonyesha. Alivaa miwani, akapitia mstari kwa mstari, akanisahihisha sehemu mbili. Kisha akasema hesabu hizi ni za kweli, na kwamba ile ya stoo hakuwahi kuifikiria, na akakaa kimya muda. Nikajua nimeshinda.

Kesho yake akanunua magunia 11 ya dagaa weusi kutoka Ukara.

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwuliza tulihesabu ya nini. Ndipo akanisimulia alivyoanza. Anahesabu miaka yake kwa meli: alianza mwaka MV Bukoba ilipozama, yaani 1996, hana mtaji, hana jina, na mtu wa kwanza kumpa gunia kwa mali kauli alikuwa mama mmoja wa kisiwani aliyekuwa anaanika dagaa kwenye majabali. Masika ile hakuna mwingine aliyetaka mzigo wa yule mama. "Jua likiwaka kila mtu ni mteja wao," akasema. "Mimi nikipotea masika, kiangazi boti litanipita."

Nilijaribu kuiingiza hiyo kwenye jedwali langu. Naiandika safu gani? Nilijaribu kuiita gharama ya masoko, nikaifuta. Juni giza lilipoingia na jua likakubali, maboti ya Ukara yalikuja kwake kwanza, hilo niliona kwa macho yangu. Je, alichopata kilifidia hasara yote ya masika ile? Nilihesabu. Hapana, si yote. Mwaka uliofuata ile stoo ndogo ya nyuma aliipangisha kuanzia Machi hadi Mei, akabaki na kubwa. Kwa hiyo nusu alinisikiliza.

Kuna jambo moja ambalo hatukuwahi kulimaliza. Bei aliyokuwa anawalipa wale akina mama wa visiwani niliiona ndogo, hata kiangazi, hata kwa dagaa wa chanja. Nilimwambia hivyo siku moja tukifunga stoo. Hakukasirika. Akaniuliza, "Wewe ukiwa na duka utawalipa ngapi?" Sikuwa na tarakimu. Nilisema nitaangalia. Akasema haya, ukishaangalia nipigie.

*

Nilimaliza 2021. Nikazunguka na bahasha karibu mwaka mzima kama wenzangu wote, kisha nikarudi Singida nikafungua kijiduka. Nauza dagaa wa kula, na wale wa mchanga nawauzia wafugaji, maana Singida kuku hawaishi. Ukutani nina kalenda ya msikiti. Padri wetu aliiona akaniuliza kama kuna jambo angependa kulijua mapema.

Mzigo unatoka Mwanza kwa basi, unapita Shinyanga, Nzega, Igunga, unafika stendi usiku. Ni mali kauli. Bibi sasa hashuki Mwaloni kila siku, miguu inamsumbua, ila simu yake ya tochi inafanya kazi. Akipiga haanzi na salamu.

Wiki iliyopita yalifika magunia matatu. Kuli akayashusha, nikayafungua palepale chini ya taa ya stendi, nikakunja shati hadi begani. Simu ikaita nikiwa na mkono ndani.

"Umeingiza?"

"Nimeingiza, Bibi."

"Hadi chini?"

"Hadi chini."

"Wako vipi?"

Mawili yalikuwa safi kabisa. La tatu, kwenye kona, vidole vyangu vilikuwa vimeshika kitu. Kwa sekunde moja nilifikiria nani yuko upande wa pili wa simu, na chai ya saa kumi na moja alfajiri.

"La tatu lina mchanga, Bibi."

Akanyamaza. Nikasikia redio yake kwa mbali.

"Kiasi gani?"

"Kama viganja viwili."

"Viwili vya mlima au vya kufuta?"

"Vya kufuta."

"Basi kata elfu mbili," akasema, na akakata simu.